Seneta wa jimbo si diwani: miaka minane ya Obama kule Springfield

SWALI: Ninafundisha Uraia kidato cha nne, mkoani Mara. Wiki iliyopita darasa lilinigawanyikia. Kundi moja linasema Obama kabla ya kwenda Washington alikuwa "kama diwani tu". Kundi la pili linasema alikuwa seneta, na seneta ni seneta. Nilishindwa kuwaamua. Halafu nikasoma kwamba mwaka 2000 aligombea ubunge akapigwa vibaya, na miaka minne baadaye akashinda useneta kwa kishindo. Katikati hapo kulitokea nini? Na kwenye bunge hilo la jimbo alikuwa anafanya kazi gani hasa?

JIBU: Mwalimu, tuanze na neno, maana ugomvi wa darasani kwako umeanzia hapo. Mtanzania akisikia "jimbo" anawaza Rorya, Temeke au Nyamagana, yaani sehemu anakopatikana mbunge mmoja. Jirani zetu Wakenya hilo wanaliita eneo bunge. Jimbo la Marekani ni kitu kingine kabisa. Lina katiba yake, gavana wake, mahakama yake ya juu na bunge lake, na bunge hilo ndilo linaloamua muuaji afungwe miaka mingapi, shule zipate fedha kiasi gani, leseni ya udereva itolewe vipi, ndoa ifungwe na ivunjwe vipi. Mengi ya hayo Washington haiyagusi. Diwani wetu hutunga sheria ndogo za halmashauri: ushuru wa soko, usafi, mifugo inayozurura. Kanuni ya Adhabu haimhusu. Ukitaka kitu cha kwetu kinachokaribia, wapeleke wanafunzi Zanzibar, kwenye Baraza la Wawakilishi, linalotunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano. Hata huo mfano unachechemea, lakini unatembea.

Kundi la pili nalo halijapona. Obama amekuwa seneta mara mbili, katika nyumba mbili tofauti. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikuwa kwenye Seneti ya jimbo la Illinois, yenye watu 59, inayokaa mji mdogo wa Springfield. Kuanzia Januari 2005 akawa kwenye Seneti ya Marekani, yenye watu 100, Washington. Magazeti yetu huandika "Seneta Obama" kwa vyote viwili, ndiyo maana watoto wanachanganyikiwa. Wewe umeuliza kuhusu ile nyumba ya kwanza, na mimi naipenda zaidi, kwa sababu kule hotuba nzuri haikumsaidia sana. Kilichombeba ni hesabu. Kwa hiyo nitakutajia namba kadhaa, uzishike.

Namba ya kwanza ni 757.

Mwaka 1995 kiti cha Seneti cha wilaya ya 13 (nitasema wilaya, ili "jimbo" libaki kuwa Illinois yenyewe) kilikuwa cha mama mmoja aliyeheshimika sana kusini mwa Chicago, Alice Palmer. Aliamua kugombea Bunge la Marekani, na akambariki kijana wakili wa miaka 34 arithi kiti chake. Kijana huyo ndiye Barack Obama, mtoto wa mwanauchumi Mjaluo wa Kogelo, kaunti ya Siaya, na mama Mzungu wa Kansas. Mwishoni mwa Novemba 1995 Palmer akashindwa kwenye kura za maoni na Jesse Jackson Jr. Basi akageuka: naomba kiti changu kirudi. Wazee wa mtaa wakamwendea Obama, wakimshauri ampishe mama, zamu yake itafika. Akakataa.

Sasa hapa kuna jambo ambalo Mtanzania yeyote aliyefuatilia uchaguzi atalielewa bila mkalimani: pingamizi. Kule Illinois mgombea wa Seneti ya jimbo alitakiwa kuleta saini 757 za wapiga kura wa wilaya yake, yaani wadhamini. Palmer, aliyekuwa amechelewa kuanza, alikusanya saini zipatazo 1,580 mbio mbio ndani ya siku chache. Unaweza kudhani ni nyingi, zimezidi mara mbili. Obama alileta zaidi ya 3,000. Mwanzoni mwa Januari 1996 watu wake wakaenda ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago, wakakaa na rundo la fomu za wapinzani, mstari kwa mstari. Huyu haishi ndani ya wilaya, kata. Huyu daftari la wapiga kura limeshamfuta, kata. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini, kata. Karibu theluthi mbili ya saini za Palmer zikaonekana hazifai. Akajitoa. Wagombea wengine watatu nao wakaenguliwa kwa njia hiyo hiyo. Mwezi Machi Obama akasimama peke yake kwenye kura za maoni za chama chake, na kwa kuwa kusini mwa Chicago chama cha Democratic ni kama hewa, mchezo ukawa umekwisha. Kwa lugha yetu, alipita bila kupingwa.

Wasimulizi wake hupenda kuikimbia sehemu hii. Mimi sioni sababu ya kuikimbia, wala ya kumlaani. Sheria ilikuwepo, na Chicago kila mgombea mkongwe alikuwa anaitumia. Lakini mwanafunzi anayedhani Obama aliingia siasani kwa mabango ya matumaini, mwonyeshe yale mafaili.

Akafika Springfield, kilomita kama 320 kutoka nyumbani. Chukulia Dar es Salaam hadi Gairo. Ni safari ya kwenda mwanzoni mwa wiki na kurudi Alhamisi, hasa Januari hadi Mei, wakati bunge linapokaa. Kazi hiyo haikumjaza mkono. Aliendelea kufundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago na kufanya uwakili, kama wabunge wengi wa majimbo wanavyokuwa na shughuli nyingine: huyu mkulima, yule wakala wa bima, yule mwalimu mstaafu.

Na kule alikuta mlango umefungwa. Chama chake kilikuwa wachache, na Rais wa Seneti, ambaye ndiye Spika wa nyumba ile, alikuwa Mrepublikani mmoja mgumu, James Philip, aliyejulikana kwa jina la Pate. Kamati ya Kanuni ilikuwa mkononi mwake. Muswada wa mpinzani ukifika kwenye kamati hiyo unakaa. Haukataliwi, haujadiliwi, unakaa tu hadi bunge linakwisha muda, nao unakufa usingizini. Miaka sita Obama aliishi hivyo.

Wenzake wa chama hawakumpokea kwa maua pia. Alipowasilisha muswada wake wa kwanza, mwaka 1997, seneta mwenzake Rickey Hendon alimsimamisha na kumuuliza jina lake linatamkwaje, na je, ni jina la Kiayalandi? Utani huo una mzizi: kwenye karatasi za kura za Chicago majina ya Kiayalandi yalikuwa na bei. Obama akajibu kwamba litakuwa la Kiayalandi siku atakapogombea kaunti nzima. Ukumbi ukacheka, muswada ukapita. Lakini baina ya hao wawili haikuwa utani kila siku; mwaka 2002 nusura wakunjane mashati mle mle ukumbini.

Alichofanya ndani ya ile miaka ya ukame ni kujenga watu. Kulikuwa na genge la wabunge waliokutana usiku kucheza karata za kamari ya fedha ndogo, nyumbani kwa seneta mmoja aitwaye Terry Link: mabwana wa makamo, wengi Wazungu kutoka miji midogo na mashamba, bia mezani, sigara hewani. Profesa wa katiba akakaa nao. Wanasema alikuwa mchezaji mwangalifu, hafungui mkono bila karata nzuri, jambo lililowaudhi wengine. Mwaka 1998 kiongozi wa upinzani Emil Jones alimkabidhi kazi ambayo hakuna mkongwe aliyeitaka: kujadiliana na Warepublikani kuhusu sheria ya maadili. Hadi wakati ule mbunge wa Illinois aliweza kuchukua fedha za kampeni akanunulia gari au akalipia ada ya mtoto, na sheria ikanyamaza. Obama na Mrepublikani Kirk Dillard wakapitisha sheria ya kuzuia hilo, na kuzuia zawadi nyingi kutoka kwa wenye shida zao bungeni. Ili ipite ilibidi waliokuwa na akiba ya zamani waachiwe akiba hiyo. Ndivyo sheria zinavyozaliwa. Huyo mtoto hutoka na kovu.

Namba ya pili: 30. Katiba ya Illinois inataka muswada upate wingi wa viti vyote, sio wingi wa waliohudhuria. Kwa viti 59, ni kura 30. Mbunge ana vitufe vitatu: ndiyo, hapana, na "nipo". Ukibonyeza "nipo" hujasema hapana, ila muswada umekosa kura yako, kwa hiyo matokeo ni yale yale. Katika kura kama 4,000 alizopiga kwa miaka minane, Obama alisema "nipo" mara 129. Mwaka 2008 Hillary Clinton alimchapa kwa hilo, akimwonyesha kama mtu anayekwepa. Wabunge wa Illinois wengi waliona ni kawaida: kuna wakati chama kizima hupanga kura za "nipo" ili wenzao wenye wilaya ngumu wasibaki peke yao. Kwa maoni yangu vyote viwili ni kweli. Nyingine zilikuwa mkakati wa pamoja, nyingine zilikuwa za kijana mwenye macho ya mbali anayejua kila kitufe kitakuja kuulizwa.

Sasa tuje kwenye kipigo cha mwaka 2000, ambacho ndicho kilichokusumbua.

Bobby Rush alikuwa mbunge wa Marekani wa kusini mwa Chicago, zamani mwanaharakati wa Black Panther, kundi la wanaharakati weusi wenye msimamo mkali. Mwaka 1999 aligombea umeya dhidi ya Richard Daley akaangushwa vibaya. Obama akaona mti umeoza, akausukuma. Alikosea. Oktoba 1999 mtoto wa Rush alipigwa risasi na kufariki, na mji mzima ukamhurumia baba. Mwishoni mwa Desemba gavana akaita wabunge Springfield kupigia kura sheria ya silaha. Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto wake mchanga akiwa mgonjwa, hakurudi. Muswada ukakwama kwa kura chache, na magazeti yakauliza mheshimiwa yuko ufukweni? Juu ya hayo, wapinzani wakanong'ona mtaani kwamba huyu wa Harvard si mweusi wa kwetu, baba yake Mkenya, amelelewa na Wazungu. Mwezi Machi Rush akapata kama asilimia 61, Obama 30. Mbili kwa moja.

Miezi michache baadaye alisafiri hadi Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama. Ameisimulia mwenyewe: kwenye kaunta ya kukodisha gari kadi yake ilikataliwa, imejaa madeni. Alipofika ukumbini hakuwa na kitambulisho cha kuingia ndani penyewe, akawa anatazama hotuba kwenye skrini kama mpita njia. Akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha. Miaka minne baadaye, mjini Boston, alikuwa msemaji mkuu wa mkutano kama huo.

Katikati hapo kulitokea nini? Jibu langu litawachekesha wanafunzi wako: kulitokea kofia.

Kila baada ya miaka kumi, sensa ikitoka, Illinois huchora upya mipaka ya wilaya za bunge. Vyama visipokubaliana, huundwa tume yenye idadi sawa ya pande zote mbili. Nayo ikikwama, katiba ya mwaka 1970 inasema majina mawili yaandikwe, moja la kila chama, na moja lichomolewe kwa bahati nasibu. Anayechomolewa ndiye mjumbe wa mwisho, na chama chake ndicho kinachoshika kalamu. Waliotunga kifungu hicho walidhani hakuna mwenye akili atakayekubali kufika huko, kwa hiyo vyama vitapatana. Vikafika huko 1981, vikafika 1991, vikafika 2001. Mwaka 1991 bahati iliwaangukia Warepublikani, ndiyo sababu Obama alimkuta Pate Philip kitini. Septemba 2001 waziri wa jimbo, Jesse White, alitia mkono ndani ya kofia ndefu, nakala ya kofia ya Abraham Lincoln, akatoa jina la Mdemokrati.

Obama alikuwa amejiandaa. Miezi kadhaa kabla, ofisini Springfield, alikaa na mchora ramani wa chama, John Corrigan, mbele ya kompyuta, wakiburuza mipaka ya wilaya ya 13. Ile ya zamani ilielekea magharibi, ndani ya mitaa ya watu weusi maskini. Mpya ikapanda kaskazini kandokando ya ziwa, ikapita katikati ya jiji, ikafika Gold Coast, mtaa wa matajiri. Wilaya ilibaki ya weusi wengi, ila sasa ndani yake wamo mawakili wakubwa, Wayahudi wenye msimamo wa kushoto, wachangiaji wa kampeni, wahariri. Yule mwanasiasa aliyeonekana si wa kwetu mwaka 2000 alijichorea kwetu mpya. Mwalimu, mimi nikiulizwa ni siku gani safari ya Ikulu ilianza, sitataja hotuba ya Boston. Nitataja ile siku mbele ya kompyuta.

Uchaguzi wa 2002 ulifanyika kwa mipaka hiyo, na Januari 2003 Wademokrati wakachukua Seneti. Emil Jones, ambaye ujanani alikuwa mkaguzi wa mifereji ya maji machafu ya jiji, akawa Rais wa Seneti. Obama alikuwa ameshamwendea na kumwambia: wewe sasa una nguvu ya kutengeneza seneta wa Marekani. Jones akauliza una mtu akilini? Akajibu ninaye, ni mimi. Jones akakubali. Tangu hapo miswada mizito ikaanza kupitia mikononi mwa Obama, pamoja na ile ambayo wenzake walikuwa wameihangaikia miaka na miaka. Hendon na wengine walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika.

Lakini kupewa mpira si kufunga goli. Tazama sheria moja. Illinois ilikuwa na aibu ya adhabu ya kifo: tangu adhabu hiyo iliporudishwa mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu, na 13 waliokuwa wakingoja kifo wakagundulika hawana hatia. Chicago kulikuwa na kashfa ya askari chini ya kamanda Jon Burge waliotesa watuhumiwa hadi wakiri. Januari 2000 Gavana George Ryan, Mrepublikani, alisimamisha unyongaji. Obama akaleta muswada kwamba mahojiano ya mtuhumiwa wa mauaji aliye kizuizini yarekodiwe. Polisi walipinga, waendesha mashtaka walipinga, na gavana mpya, Mdemokrati mwenzake, naye hakuutaka. Obama akawaita mezani wote, pamoja na mawakili wa utetezi na wapinga adhabu ya kifo. Akaanza na jambo ambalo hakuna aliyeweza kulikataa: asiye na hatia asinyongwe, mwenye hatia asiponyoke kwa sababu askari alikosea kuchukua maelezo. Kisha wakabishana kwa vipengele. Kurekodi kuanzie wapi? Mashine ikiharibika je? Mtuhumiwa akikataa kurekodiwa? Askari wapewe muda gani kununua vifaa? Walipomaliza, Seneti ikapitisha bila kura hata moja ya kupinga, na Julai 2003 ikawa sheria. Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha jambo hilo kwa njia ya bunge.

Mwaka huo huo ilipita sheria nyingine yake, ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ijulikane kama weusi wanaonewa barabarani. Waulize wanafunzi wako diwani gani angeweza hayo.

Yaliyofuata unayajua, nitayapitia haraka. Machi 2004 alishinda kura za maoni za useneta wa Marekani kwa asilimia kama 53, katikati ya wagombea saba, mmoja wao tajiri aliyemwaga mamilioni ya dola zake kabla faili la talaka yake halijamzamisha. Julai akahutubia Boston. Mpinzani wake wa Republican alijitoa, naye kwa mambo ya talaka, akaletwa Alan Keyes kutoka Maryland, mtu ambaye hata hakuwa mkazi wa Illinois. Novemba ikawa asilimia 70 kwa 27. Bahati? Ilikuwepo, tena ya kumwagika. Lakini zile kura za mashambani, mbali na Chicago, zilikuwa na watu wa kumsemea, na baadhi yao walikuwa wale wacheza karata.

Kiti chake Springfield hakikuitishiwa uchaguzi mdogo. Kule mbunge akiondoka, kamati ya chama chake ndani ya wilaya huteua mrithi. Waliteua wakili kijana, Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye tangu 2019 ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo.

Na kama unatafuta zoezi la darasani, nina moja. Wagawe wanafunzi vikundi viwili. Kila kikundi kikusanye saini 20 za wanafunzi wa kidato cha nne peke yao, muda ni kipindi kimoja cha mapumziko. Kisha wabadilishane fomu, kila upande uweke pingamizi kwa mwenzake, na daftari la mahudhurio liwe ndilo daftari la wapiga kura. Usiwaambie mapema kwamba jina lililoandikwa kwa herufi za kuchapa linaweza kukatwa.